Vifaa vya Darasani: Kutunza si Kufungia Kabatini

Ikiwa una mtoto anayesoma shule ya msingi, bila shaka umewahi kufikwa na mkasa huu. Ni saa tatu za usiku, chakula kimekwisha liwa nawe unajinyoosha, mara mtoto anasimama mlangoni na kukwambia: "Baba, mwalimu amesema kesho tuje na karatasi ya manila, gundi na maganda ya mayai." Maduka yamefungwa. Mayai hayajaliwa nyumbani kwako tangu Idi. Mama anamwuliza mtoto kwa nini hakusema mapema, mtoto anaanza kulia, na punde si punde nyumba nzima iko macho kwa sababu ya ganda la yai.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule za msingi kwa miaka arobaini, tangu mwaka 1979 hadi nilipostaafu mwaka 2019, na karibu miaka yote hiyo niliifanya kazi huku kwetu Kilifi. Kwa hivyo mimi ni mmoja wa wale waliowatuma watoto maganda ya mayai. Leo sikuja kujitetea. Nataka kueleza jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulijua, na ambalo nilianza kulijua baada ya kumwumiza mtoto wa watu. Jambo lenyewe ni hili: kumfundisha mtoto kuunda vitu na kumfundisha kutunza vitu ni somo moja. Mwalimu akifundisha nusu yake akaacha nusu, ni sawa na aliyemfundisha mtoto kupanda mnazi asimwonyeshe namna ya kushuka.

KABATI LA MWALIMU MKUU

Niliajiriwa nikiwa kijana wa miaka ishirini, mwalimu asiye na cheti. Shule yenyewe ilikuwa bara kidogo kutoka Malindi. Madarasa manne yalikuwa ya udongo na makuti, mengine mawili yalikuwa kivuli cha mikorosho. Nilikabidhiwa darasa la tatu, watoto hamsini na sita. Huo ndio mwaka serikali ilipoanzisha maziwa ya bure shuleni, na watoto walikuwa wengi kuliko madawati.

Siku hizo daftari, penseli na chaki zilitoka serikalini. Vifaa vikifika, mwalimu mkuu alivihesabu kimoja kimoja, akaviandika katika kitabu chake kikubwa, kisha akavifungia katika kabati la mbao lililokuwa ofisini. Ufunguo alitembea nao. Penseli moja tuliikata vipande viwili ili iwafae watoto wawili. Mtoto hakupata daftari jipya mpaka mwalimu athibitishe kwamba la zamani limejaa, hata nyuma ya jalada. Simlaumu mzee yule. Vitu vilikuwa haba, naye alikuwa mtu mwaminifu. Sikumbuki hata siku moja hesabu yake ilipopungua.

Ndani ya kabati hilo palikuwa na sanduku la karatasi za rangi, nyekundu, samawati na manjano, pamoja na makasi kumi na mawili. Vyote hivyo vilikuwa vya somo la kazi za mikono. Nilipoomba kuvitumia, niliambiwa nisubiri. "Watoto hawa watavimaliza kwa siku moja," mwalimu mkuu aliniambia. "Tuviweke, wakija wakaguzi wavikute." Nikaona ni busara, nikatoka.

TIARA

Katika darasa langu palikuwa na kijana mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa yu hai na ana heshima zake. Alikuwa mkimya, hesabu zake za wastani, kusoma kwake kwa kusuasua. Lakini mikono yake haikujua kutulia. Ukimpa bua la mahindi atalifanya gari. Akiokota kifuu na uzi, kabla ya kengele ya mapumziko kwisha kulia amekwisha pata mizani ya kupimia mchanga.

Siku moja mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, nilitoka ofisini nikaona watoto wamekusanyika uwanjani wametazama juu. Juu ya mikorosho palikuwa na tiara, au kishada kama waitavyo wengine. Ilikuwa imetulia angani kama mwewe, na mkia wake wa kitambaa cha kanga ukipepea. Uzi ulikuwa mkononi mwa kijana yule.

Tiara iliposhushwa niliitazama karatasi yake. Ilikuwa na mistari ya samawati ya daftari la hesabu. Nikamwamuru alete daftari lake. Alikuwa amefungua pini kwa uangalifu, akatoa karatasi mbili za katikati, kisha akazirudisha pini mahali pake hata mtu asingejua. Pande zote mbili za tiara zilikuwa sawasawa kabisa. Alizipima kwa rula. Fremu ilikuwa ya njiti za ukuti, na gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo.

Leo ningempa kijana huyo alama zote. Siku ile nilimchapa fimbo sita mbele ya darasa, kisha nikaichana ile tiara kwa mikono yangu mwenyewe, vipande vipande, ili wenziwe waone. Nikarudi ofisini nikiamini nimefundisha somo la kutunza mali ya shule. Mwalimu mkuu alinipongeza.

Kesho yake kijana hakuja. Wiki ikapita, ikapita ya pili.

SWALI LA BIBI

Jumamosi moja nilifunga safari hadi kwao. Nilipiga hodi, nikakaribishwa na bibi yake, mama mtu mzima aliyekuwa ameketi juu ya mkeka akisuka ukili. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu kitako." Hakuacha kusuka. Aliniambia mjukuu wake amekwenda na mjomba wake kuangua nazi, na kwamba shule hataki kuisikia.

Nikaanza kumweleza habari za mali ya serikali, jinsi daftari zilivyo chache na jinsi mtoto alivyochana karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote: "Mwalimu, mwanangu, ulimwonyesha karatasi ya kuandikia ni ipi, na ya kuchezea ni ipi?"

Nikamjibu kwamba karatasi zote za shule ni za kuandikia.

"Basi ya kuchezea hamnayo?"

Nikalikumbuka lile sanduku la kabatini. Sikuwa na jibu.

Bibi akavuta fungu la milala lililokuwa ubavuni pake, akanionyesha. Yale majani marefu ni ya ukili, haruhusiwi mtu kuyagusa bila kumwuliza. Mafupi ni ya kusokota kamba. Yaliyokatikakatika hufanywa kata za kubebea mtungi. Takataka za mwisho huwashia moto. Mjukuu wake aliyajua hayo yote tangu akiwa na miaka mitano. Akiazima kisu, hukirudisha palepale kwenye makuti, makali yakiwa ndani. "Hapa hajapata kunipotezea hata jani moja," alisema. "Hapa anajua kila kitu ni cha nini. Huko kwenu hajui, na hakuna aliyemwambia."

Niliaga nikaenda zangu. Njia ilikuwa ndefu kuliko nilipokuja.

MCHWA

Jumatatu nilimsihi mwalimu mkuu alifungue kabati. Ilinichukua siku mbili kumshawishi. Alipofungua na kulivuta sanduku la karatasi za rangi, lilibaki kifuniko mkononi. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa ubao wa nyuma, wakaingia sandukuni. Karatasi nyekundu, samawati na manjano zote zilikuwa vumbi na udongo. Makasi yalikuwa yameshika kutu, hayafunguki.

Akiba haiozi, husema wahenga. Lakini akiba yetu ile ililiwa. Na katika kitabu kikubwa cha mwalimu mkuu hesabu ilikuwa sahihi: sanduku moja, makasi kumi na mawili, hakuna kilichopotea. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa ameshika karatasi nyekundu katika mikono yake. Nilimchapa mtoto fimbo sita kwa karatasi mbili. Sisi watu wazima tulikuwa tumepoteza sanduku zima, na hapakuwa na mtu wa kutuchapa.

Muhula uliofuata kijana alirudi, kwa kulazimishwa na bibi yake. Akawa mtiifu sana. Daftari lake lilikuwa safi, kurasa zote zimo. Hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka, lakini kila nikilitazama daftari lile roho iliniuma, maana mwaka mzima hakuunda kitu chochote mbele ya macho yangu. Mwaka 1983 alifanya mtihani wake wa darasa la saba akaondoka, nami sikupata kumwomba radhi. Mwalimu kumwomba mwanafunzi radhi, siku zile, lilikuwa jambo lisilofikirika.

NILIVYOANZA UPYA

Nilikwenda chuo cha ualimu, nikahitimu. Mwaka 1985 ulipoanza mfumo wa 8-4-4, Sanaa na Ufundi likawa somo kamili, hata likatahiniwa katika KCPE. Shule zote zikawa zinahangaika kutafuta vifaa. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, serikali ilipoleta mpango wa kugawana gharama, mzigo wa vitabu na daftari uliwaangukia wazazi. Hapo ndipo nilipolikumbuka fungu la milala la bibi. Polepole, kwa kukosea na kurekebisha, nikapata taratibu zangu. Nazieleza hapa kwa faida ya walimu vijana, na wazazi pia, maana nyumbani zinafaa vilevile.

Kwanza, kila kitu kipewe kazi yake hadharani. Siku ya kwanza ya muhula nilitandika mkeka mbele ya darasa, nikapanga juu yake kitabu cha kusomea, daftari, karatasi iliyoandikwa upande mmoja, gazeti kuukuu na boksi la sabuni. Nikawauliza watoto: kipi kinaweza kukatwa? Kipi hakikatwi kamwe? Kipi ni cha kuazima? Niliwaacha wabishane wenyewe. Wangekubaliana kwamba gazeti hukatwa likisha somwa, lakini kitabu hakikatwi kwa sababu mwakani kuna mtoto mwingine anayekingoja. Neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto lina uzito kuliko likitoka kwa mwalimu. Baada ya hapo kila mtoto alikifunika kitabu chake kwa gazeti au karatasi ya kaki, na kazi hiyo ya kufunika ikawa ndiyo somo la kwanza la kupima na kukunja.

Pili, kuhesabu wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Makasi yakitoka kumi na mawili, yarudi kumi na mawili. Nilimteua kiranja wa vifaa, na kila wiki nilimbadilisha, hata wale watundu wakapata zamu. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto anayepoteza penseli yake kila siku ndiye mlinzi mkali kuliko wote akikabidhiwa makasi ya darasa. Siku moja yalirudi kumi na moja. Hakuna aliyechapwa wala kutukanwa; tulitafuta sote, na tukayapata ndani ya kopo la gundi. Wembe wa kuchongea penseli, lakini, haukuwa wa zamu. Huo nilikaa nao mwenyewe.

Tatu, mchanga kabla ya karatasi. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu, nao ni ubao usiokwisha. Mtoto alichora kwanza kwa kidole au kijiti, akafuta, akachora tena mpaka aridhike, ndipo apewe karatasi. Hapa sikubuni jambo jipya. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu watoto waliandika juu ya ubao wa mti, wakajifunza, wakauosha, wakaandika tena. Ubao mmoja uliweza kumfaa mtoto, na mdogo wake akaurithi.

Hata hesabu tulizitoa mchangani. Tulichimba bao lenye safu nne, kila safu mashimo manane. Watoto walihesabu mashimo thelathini na mawili, kisha wakaweka komwe mbili katika kila shimo, zikawa sitini na nne. Mtoto aliyekuwa akilia kwa ajili ya kuzidisha akawa anazidisha bila kujua. Mchezo ukisha, komwe zilihesabiwa zikarudi mkebeni.

Nne, masazo yana kwao. Pembeni mwa darasa liliwekwa boksi la masazo, na hakuna kipande cha karatasi wala uzi kilichotupwa kabla ya kupitia humo. Vipande vya chaki visivyoshikika tulivitwanga, tukavichanganya na gundi ya unga, tukapata rangi ya kupaka. Manjano ya jikoni yalitupa rangi ya manjano, makaa yakatupa nyeusi, majani ya kunde yakatupa kijani, na mbegu za mrangi zikatupa nyekundu iliyoshinda ile iliyoliwa na mchwa.

Tano, ubunifu una mipaka, na mipaka hiyo mwalimu aitaje waziwazi. Wakati wangu wa ujana tulipaka mbao za darasani weusi wa betri kuukuu, na watoto ndio waliozipasua kwa mawe. Leo nisingekubali. Ule unga si wa mikono ya mtoto. Vivyo hivyo chupa za dawa na sindano zilizotupwa: mtoto afundishwe kuziacha zilipo na kumwita mkubwa. Nazi ya jirani si kifaa cha shule mpaka jirani atoe. Na mtoto asivunje tawi bichi la mkoko kwa ajili ya mradi wa siku moja, wakati chini ya mti mmejaa vijiti vikavu. Mtoto anayeunda kitu kizuri kwa mali ya kuiba hajafunzwa ubunifu. Amefunzwa wizi wenye mapambo.

Sisemi kwamba taratibu hizi zilikuwa rahisi. Darasa la watu hamsini lenye gundi ni vita. Lakini nilipiga hesabu zangu nikaona kwamba vitu vilivyoshikwa na watoto kila wiki vilidumu kuliko vile vilivyofungiwa. Makasi yanayotumika hayashiki kutu.

MZAZI ALIYESIMAMA MKUTANONI

Mambo yalibadilika tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya KCPE yalipunguzwa, Sanaa na Ufundi likaachwa nje ya mtihani. Kisichotahiniwa hakifundishwi, vipindi vyake vikaliwa na hesabu na Kiingereza, na boksi la masazo likarudi kuwa pipa la taka. Mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku shuleni, na mimi ni miongoni mwa walimu walioshukuru kimyakimya. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure, madarasa yakafurika, kitabu kimoja kikasomwa na watoto watatu. Kuanzia mwaka 2018 serikali ikawa inavipeleka vitabu moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kila mtoto awe na chake.

Ndipo Januari ya mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi ukaanza rasmi katika madarasa ya chini. Nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho, na majaliwa yalikuwa yamenirudisha shule ileile niliyoanzia, sasa nikiwa mimi ndiye mwalimu mkuu, na kabati likiwa langu. Nilifurahi. Mtaala huo ulitaka mtoto ashike, aunde, ajaribu. Nikasema moyoni, hatimaye serikali imekwenda kwa yule bibi.

Lakini muhula haukwisha kabla ya malalamiko kuanza. Tuliitisha mkutano wa wazazi chini ya mikorosho. Akasimama mwanamume mmoja, mrefu, kofia mkononi. Akasema: "Mwalimu, samahani. Enzi zetu mlituchapa kwa kuchana karatasi. Leo mnatuamrisha tununue karatasi ili zichanwe. Sisi tushike lipi?"

Mkutano mzima ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimemtambua.

Alikuwa na haki. Tulikuwa tumetoka katika kosa la kufungia vitu tukaingia katika kosa la kuviagiza dukani. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu nyumba ya mbao iliyopakwa vanishi, ina madirisha yanayofunguka, imeletwa na mtoto wa miaka saba kuwa kazi ya mikono yake. Kila mtu alijua fundi ni nani. Karibu naye aliketi mtoto mwingine, hana kitu, ameinamisha kichwa. Ukiwatazama wale watoto wawili utadhani mmoja amefaulu na mmoja ameshindwa. Kwa kweli wote wawili tulikuwa tumewanyima somo. Yule wa kwanza alijifunza kwamba kitu hununuliwa na sifa ukachukua wewe. Wa pili alijifunza kwamba mikono yake haina thamani pasipo fedha za baba.

Tulikubaliana mambo machache siku ile. Mwalimu akihitaji kitu, aseme wiki moja kabla, wala si jioni kwa kesho. Aombe kile kilichokwisha kutumika nyumbani: boksi, gazeti, kifuniko cha chupa, kitambaa chakavu. Vyote viingie katika boksi moja la darasa, visiwe vya fulani wala fulani, ili asiwepo mtoto anayekaa mikono mitupu. Na mzazi atazame, ashauri, lakini asiunde. Nyumba iliyopinda ya mtoto ni bora kuliko nyumba iliyonyooka ya fundi.

Tukawaambia pia wamwulize mtoto maswali matatu kila anapotaka kuunda kitu: Kimetoka wapi? Ni cha nani? Kitakachobaki kitakwenda wapi? Mtoto akiweza kuyajibu hayo matatu, mwache akate.

Nao watoto wasidhani kwamba masazo ni mambo ya maskini. Niliwasimulia habari za dau liitwalo Flipflopi, lililoundwa huko Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda. Urefu wake ni mita 9, limejengwa kwa plastiki iliyokwisha tupwa, na ubavuni limepambwa kwa kandambili kuukuu zilizookotwa ufuoni. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Watoto walizitazama kandambili zao kwa macho mapya.

RADHI ILIYOCHELEWA

Mkutano ulipokwisha nilimwita yule mzazi kando. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka arobaini, lakini yaliponitoka yalikuwa machache. Nilimwambia kwamba nilikosea, na kwamba tiara yake ilikuwa nzuri. Alinyamaza kidogo akiizungusha kofia yake, kisha akatabasamu. "Fimbo nilikuwa nimezisahau, mwalimu," alisema. "Tiara ndiyo sikuisahau."

Nikamwuliza kama bibi yake yupo. Akaniambia alifariki zamani, na kwamba kisu chake bado wanacho.

Julai ya mwaka huo, upepo wa kusi ulipokaza, alikuja shuleni na mzigo wa njiti za ukuti begani. Tulikusanya magazeti kuukuu, tukapika uji wa muhogo, na kwa asubuhi nzima aliwafundisha watoto wa darasa la mwanawe kupima pande mbili zikawa sawa. Zilipaa kumi na nne. Nyingine zilianguka kwenye mikorosho, na watoto wakajifunza kwamba kipimo kibovu hakifichiki hewani. Baadaye kiranja wa vifaa alikusanya nyuzi, akazizungusha kwenye vijiti, akahesabu.

Mwezi wa mwisho wa kazi yangu niligongomea msumari ukutani, ubavuni mwa kabati, chini kabisa, mahali mtoto wa darasa la kwanza anapoweza kufikia. Nikautundika ufunguo hapo, nikaenda zangu nyumbani. Mwalimu aliyechukua nafasi yangu ananiambia kwamba hadi leo haujapotea.